Makofi Matatu kwa Jina Lake

Nikisikia mtu anasema "mpigieni makofi" darasani, damu inanichemka. Na aliyeanzisha upuuzi huo kwenye darasa letu la kisomo pale Tengeru ni mimi mwenyewe.

Tulisomea chumba cha kanisa, mimi mwalimu, wanafunzi watu wazima watupu. Mtu akisoma "ba", makofi matatu. Akiandika jina lake, makofi matatu na vigelegele. Nikajiona fundi kweli! Kulikuwa na mama mmoja mjane, muuza ndizi, umri wa mama yangu. Kila akisoma neno ananiangalia usoni. Nikitabasamu, anaendelea, nikikunja uso, anabadilisha neno. Ubaoni hasomi kitu, anasoma uso wangu. Nililiona hilo nikanyamaza, maana nilipenda kuangaliwa vile.

Basi shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akamwita mbele ya ukoo. Ana karatasi, eti ya kuhakiki mipaka ya kihamba, shamba la huyo mama la migomba na kahawa. Wino wa dole gumba ulikuwa tayari mezani. Mama akaukataa, akaomba kalamu. Akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, na yule mshenzi akasema, "Mpigieni makofi shemeji, siku hizi msomi!" Wakapiga. Hakusoma hata mstari mmoja. Nani alimfundisha kwamba ukishaandika jina kazi imeisha? Mimi!

Kesho yake akaja darasani anacheka, kashika nakala. Walimpa bila wasiwasi, walijua hataisoma. Nilipoipitia nilitaka kutukana.

"Mama, soma mwenyewe," nikamwambia. "Na usiniangalie." Nikageukia ukuta.

Alihangaika nayo karibu saa nzima. "Ni-me-ri-dhi-a... ku-mwa-chi-a..." Akarudi nyuma, akaanza upya, mwisho akaunganisha: nimeridhia kumwachia shemeji yangu kihamba chote. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kuisoma bila kutazama uso wa mtu.

Nikageuka. Darasa zima mikono juu.

"Asipige mtu!" akafoka. "Makofi ya jana yamenilia kihamba."

Akakunja karatasi, akauliza baraza la kata linakaa siku gani. Nikajitia kusema nitamsindikiza, nikamsomee.

"Aa, mwalimu. Hii naisoma mwenyewe. Wewe shusha mikono."

Nikatazama. Kweli, ya kwangu ilikuwa bado juu.