Ndala za Kuendea Jikoni

Katika mtaa wetu hapa Rumonge, keki za Iddi hazipikwi kila nyumba. Wanawake huzikoroga makwao, kisha huleta masinia yao, yamefunikwa vitambaa, kwenye nyumba yenye furu. Furu tunaita lile tanuri la ndani ya jiko la umeme, na kwa miaka kadhaa furu ya mtaa ilikuwa yetu. Binti yetu aliituma kutoka Ulaya, jiko la mtumba lakini jeupe, lina sahani nne za kupikia juu na mlango wa kioo chini. Tangu lifike, mke wangu akawa mtu wa kupelekewa masinia. Alikuwa na neno lake moja: hapa hakuna sinia linalorudi bichi. Alilisema kwa kujivuna kidogo, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Jiko lile lilikuwa linauma. Ukiligusa peku, mkono ulisisimka kama umevamiwa na siafu. Nyumba yetu haikuwa na waya wa ardhini, kama nyumba nyingi za huku, na badala ya kuutafuta huo waya tuliweka ndala za plastiki kwenye mlango wa jikoni. Anayeingia avae. Mgeni alionyeshwa ndala zile siku ileile aliyoonyeshwa choo. Tukacheka naye. Mimi nilicheka kuliko wote.

Siku ninayoikumbuka ni ile ya mwisho wa Ramadhani ambayo haijulikani ni ya mwisho au siyo. Mwezi ukionekana jioni, kesho Iddi. Usipoonekana, tunafunga tena. Lakini keki ikishakorogwa haingoji mwezi, na alasiri ile masinia yalikuwa yamejaa mezani, juu ya friji, mengine chini juu ya mkeka. Nyumba nzima ilinukia vanila, harufu ya mawese ya jirani ikiingia dirishani. Sinia la kwanza lilitoka zuri. La pili lilipoanza kuumuka, tukasikia "tok" sebuleni. Taa ikazima.

"Umeme imeenda?" mke wangu akauliza.

Nikachungulia nje. Kwa jirani balbu ya barazani ilikuwa inawaka.

"Hapana. Disjonkteri yetu imeruka."

Disjonkteri ni ile swichi kubwa ya ukutani inayojikata yenyewe umeme ukienda vibaya. Nikaipandisha. Ikakaa kidogo, tok, ikaanguka. Nikaipandisha tena. Ikaanguka tena.

Mimi nilisoma sekondari, na masomo ya umeme niliyapenda. Nikafanya kama tulivyofundishwa. Nilizima kila kitufe cha jiko, nikapandisha disjonkteri, ikatulia. Nikawasha sahani ya kwanza, nikangoja. Ikatulia. Ya pili, ya tatu, ya nne, zote zikawa nyekundu na taa ya sebuleni haikutikisika. Kisha nikawasha furu. Ikawa kimya, nikaanza kutabasamu. Ilipopata moto vizuri, tok.

Nikazima, nikaacha ipoe, nikarudia. Ikiwa baridi ilikubali. Ikipata moto, ilikata. Basi nilijua. Chuma cha moto cha chini ya furu kilikuwa kimepasuka ndani, na kila kikipashwa kilivujisha umeme kwenye bati la jiko, na kutoka hapo kwenye sakafu. Disjonkteri ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa, inatukinga sisi. Sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, ndala miguuni, kitambaa cha kushikia sinia mkononi. "Iko nini?" akauliza.

Ningeweza kumwambia: jiko limekufa, washa mbabura, majiko yetu ya makaa, tugawane masinia. Saa zilikuwa bado zipo. Lakini nilitazama masinia yale, nikafikiria wanawake wale wakija kuyachukua mabichi, wakipita nayo barabarani, na watu wakiuliza nyumba ya nani imeshindwa.

"Disjonkteri imezeeka," nikamwambia. "Jiko halina neno."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini?

Wakati huo akaingia jirani yetu mjane, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye ananiita shemeji kwa sababu yeye na mke wangu wameamua ni dada. Alikuwa mtu wa kelele.

"Shemeji! Sinia yangu iko mu furu ama iko nangojea foleni?"

"Iko nangojea," mke wangu akajibu. "Ni ya mwisho."

"Ya mwisho? Dada, mayai yote ya kuku zangu iko mule ndani. Ikiungua, mzee atakuja kutaga yeye mwenyewe."

Wakacheka. Nami nikacheka, huku natafuta bisibisi.

Halafu umeme ukaenda kweli, mtaa mzima. Kwa mtu mwingine ingekuwa balaa. Mimi niliona nafasi. Waya zikiwa zimekufa, ningeweza kuzishika. Nikapanda juu ya stuli, nikafungua kisanduku, nikazitoa waya za jiko kwenye disjonkteri na kuanza kuziunga moja kwa moja na zile zinazotoka kwenye mita. Jiko lipate umeme wake bila kupita kwa mlinzi.

"Na ikirudi ukiwa umeshika hapo?" mke wangu akasema.

"Haitarudi sasa."

"Umeongea na watu wa umeme?"

Nikaendelea kukaza. Nilikuwa na njaa ya saumu, jasho linaniingia machoni, na niliachia waya kila niliposikia mtu akipiga kelele nje, maana umeme ukirudi watoto wa mtaa wetu hushangilia. Yeye alisimama dirishani akitazama balbu ya jirani ili anipigie kelele ikiwaka, kana kwamba kelele ingefika kabla ya umeme. Nilimaliza. Nilifunika kisanduku, nikashuka. Kitambo kidogo baadaye watoto wakashangilia.

Furu ikawaka. Haikukata tena. Sinia la pili halikunyanyuka tena, likatoka bapa, lakini yaliyofuata yalitoka mazuri, na mke wangu alisema, "Sikukuu yetu imepona." Wanawake wakaja mmoja mmoja, nami nikasimama mlangoni kama askari, nikitazama miguu. "Vaa ndala. Wewe, vaa ndala." Waliniona mzee mkorofi. Mmoja alinyanyua kanga yake akanionyesha mguu: "Unataka na kucha uzihesabu?" Nilikuwa na hofu na sikuwa na uso wa kuisema. Safari hii jiko halikuwa la siafu. Nililigusa kwa ncha ya bisibisi, nikaona cheche.

Hapo pia ningeweza kusimamisha kila kitu. Lilibaki sinia moja tu, la mjane. Nikasema, moja tu.

Jua liliteremka nyuma ya milima ya Kongo, na watu wakaanza kwenda ufukweni kutazama mwezi, kwa sababu kwetu magharibi ni ziwani na hakuna kinachozuia macho. Naye mjane akatoka. Mke wangu akaenda uani kutia udhu. Mimi nikakaa sebuleni na tende mkononi, nikisubiri adhana, na kwa mara ya kwanza tangu alasiri niliacha kuutazama mlango wa jikoni.

Kelele zikapanda kutoka ufukweni. "Umeonekana! Umeonekana!" Watoto wakaanza takbira. Mke wangu akaingia kutoka uani kwa haraka, uso unadondoka maji, akakumbuka sinia. Ndala hazikuwepo mlangoni. Mjane alikuwa amezivaa kwenda kuona mwezi. Mke wangu hakungoja. Aliingia peku, mikono mibichi, akashika mpini wa mlango wa furu.

Hakupiga kelele. Nilisikia sauti ndogo, kama mtu anayekoroma macho wazi. Nilipofika mlangoni alikuwa ameganda, mkono umekaza mpini, mwili mzima unatikisika.

Nikakimbilia disjonkteri. Nikaiangusha kwa nguvu zangu zote. Taa zikazima, nyumba ikawa kiza, na jikoni sauti ile ikaendelea. Taa nyekundu ndogo ya furu ilikuwa bado inawaka. Ndipo nilipokumbuka kazi ya mikono yangu. Nilikuwa nimeizimia nyumba mwanga, na yeye nimemwacha kwenye umeme.

Sijui ningefanya nini. Nadhani ningemshika, na tungekufa wawili. Mjane ndiye aliyeingia, ndala zetu miguuni, akipiga vigelegele vya mwezi, akavikata katikati. Kwenye mlango wa jikoni tunasimamisha mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Aliuchukua kwa mikono miwili akampiga mke wangu kwenye mkono, kama anayeua nyoka. Mpini ukaachia. Mke wangu akaanguka chini, nami nikaanguka juu yake nikimwita, adhana ikiwa inaendelea msikitini.

Alipumua. Mkono ulikuwa umevunjika kwenye kifundo, na katikati ya kiganja kulikuwa na alama nyeupe yenye umbo la mpini. Hospitali walimfunga plasta usiku uleule. Njiani, kwenye pikipiki, nikiwa nimemshikilia kwa nyuma, aliniuliza swali moja tu.

"Disjonkteri ilikuwa imezeeka?"

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa nzima."



Sinia la mjane lilikuwa limeiva nusu. Mke wangu, mkono mmoja shingoni kwa kitambaa, aliamuru mbabura iwashwe, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama mama zetu walivyofanya, akakaa kwenye stuli akilisimamia mpaka likaiva. Mjane alisema hataki keki, anataka dada yake alale. Mke wangu akamwambia, "Hapa hakuna sinia linalorudi bichi." Mjane alilibeba huku analia, akijilaumu kwa ajili ya ndala. Nilimwambia ndala hazina kosa. Hakunitazama.

Asubuhi ya Iddi wageni walikuja na kanzu zao na sahani zao. Kila aliyeingia aliuliza, "Mama, mkono umefanya nini?" Nilitarajia aseme ameteleza. Ndivyo wake wengi wa hapa wangesema mbele ya watu. Yeye alinyoosha kidevu upande wangu.

"Muulizeni yeye."

Nikaeleza. Mgeni akatoka, akaingia mwingine, naye akauliza, kidevu kikaja upande wangu, nikaeleza tena tangu mwanzo. Niliposema nilibahatisha, alinikatiza kutoka kitini kwake: "Hukubahatisha. Ulijua." Ikabidi niseme na hilo. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umesikia kutoka kinywani mwangu.

Fundi alikuja baada ya sikukuu. Alibadilisha chuma cha furu, akarudisha waya za jiko kwenye disjonkteri, akachimbia fimbo ya shaba karibu na mlimao na kuvuta waya wa ardhini mpaka jikoni. Ndala tulizitupa. Jiko haliumi tena, na masinia yamerudi.

Lakini mke wangu haligusi kwanza. Vidole viwili vya mkono ule havikunji vizuri, na kila anapotaka kuoka husimama mlangoni na kuniita. Hata nikiwa nimelala. Hata wageni wakiwepo. Nakuja, nawasha furu, navua viatu, nasimama peku kwenye sakafu. Yeye huchota maji kwenye kikombe na kunimwagia kiganjani. Kisha naushika mpini wa furu na kuukaza, naye ananitazama usoni, bila haraka.

"Haya," husema mwishowe. "Toka, nipike."