Damu Yenu ni ya Wapi?

Mwaka ambao mdogo wangu alitolewa jicho, mimi nilikuwa na miaka kumi na mdomo wa mtu wa arobaini. Pale Bukoto, kwenye nyumba za wafanyakazi wa serikali, nilijihesabu mkalimani mkuu wa familia. Baba alikuwa mtu wa kaskazini, fundi wa magari ya serikali, na Kiswahili chake kilikuwa cha gereji. Mama alikuwa Mkenya aliyekuja Kampala kuuza vitambaa, na Kiganda kilimpiga chenga mpaka mwisho. Mimi nilikiokota Kiganda kwenye michezo ya watoto, kwa hiyo dukani, kwa jirani, kwa mwenye maziwa, aliyetangulizwa mbele ni mimi. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Mama ndiye aliyeliona lile jicho kwanza. Mdogo wangu, wa miaka miwili, alikuwa amekaa kwenye kona ya chumba yenye giza, mlango ukiwa wazi, na mwanga wa nje ukampiga usoni. Mboni ya jicho la kulia ikang'aa nyeupe, kama ya paka. Mama akamwita baba. Baba alichungulia mara moja tu, akatoka, akaketi kwenye ngazi. Yeye mwenyewe alikuwa na jicho moja. Sote tulijua kisa chake: kipande cha chuma kilimrukia gereji wakati wa ujana wake. Shuleni niliwasimulia wenzangu kisa hicho kwa majivuno, nikiongeza cheche na moshi.

Tukaenda hospitali kubwa. Siku hizo madaktari wengi walikuwa wameondoka, wengine wamefukuzwa, wengine wamekimbia, wengine wamechukuliwa na hakuna aliyethubutu kuuliza wako wapi. Huyu wa macho alikuwa amebaki. Alikuwa Mganda mwembamba, kola ya koti lake imechakaa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Kwa nini alibaki, sijui mpaka leo. Namshukuru kwa kubaki kabla sijamshukuru kwa lolote jingine.

Alitueleza, mimi nikitafsiri, kwamba ni saratani ya jicho, haitokei mara nyingi, na huwapata watoto wadogo. Jicho litolewe upesi ili mtoto aishi. Mama akalia. Baba akaitikia kwa kichwa. Kisha daktari akavuta karatasi, akachora miraba ya wanaume na maduara ya wanawake, yaliyounganishwa kwa mistari, akaniambia kwa Kiganda: "Binti, muulize baba yako kama ugonjwa huu umo katika damu ya familia yao, na kama umo, umetokea upande wa nani."

Maneno mengi mno, nikaona. Nikamgeukia baba na kufupisha kama mkalimani hodari: "Baba, anauliza damu yenu ni ya wapi."

Ambaye hakuishi Kampala miaka ile ataliona hilo kuwa swali la kawaida. Kwa mtu wa kaskazini lilikuwa swali la kwenye vizuizi vya barabarani. Liliulizwa na mwanajeshi mwenye bunduki, na jibu lisilompendeza lilikuingiza kwenye buti la gari. Wenzake wawili wa gereji walikwenda hivyo, hawakurudi. Sasa mbele ya baba alikuwapo mtu wa serikali, ana kalamu, na anachora ukoo wake kwenye karatasi.

"Sisi ni watu ya hapa hapa tu," baba akasema. "Kwetu hakuna mgonjwa."

Daktari akaonyesha jicho la baba lililofumba. Baba akasema, "Chuma." Hilo halikuhitaji mkalimani.

Daktari akaliangalia tumbo la mama, ambaye alikuwa mjamzito wa miezi saba. Akasema, kwa Kiganda tena, kwamba basi imetokea kwa bahati mbaya tu. Ingekuwa ya kurithi, mtoto anayekuja angepaswa kuletwa akiwa bado mchanga kabisa, macho yachunguzwe hata kama yanaonekana mazima. Hayo sikuyatafsiri. Ya nini, wakati jicho la baba lilitolewa na chuma?

Mdogo wangu alitolewa jicho, akapona, na baada ya wiki tatu alikuwa anapanda meza kama kawaida. Miezi miwili baadaye mama akajifungua mtoto wa kike. Nyumba ilijaa furaha, kasoro baba. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimchukua mtoto, akasimama naye ndani karibu na mlango, akimgeuza uso huku na huku kwenye mwanga na kumkodolea jicho lake moja. Mama alidhani ni mapenzi. Mimi niliona hambusu wala hambembelezi, na siku moja nikamuuliza anatafuta nini.

Badala yake akaniuliza, "Ile siku, daktari iliuliza nini? Sema yote. Usikate."

Nikasema yote. Damu ya familia, upande wa nani, na yale ya mtoto anayekuja, ambayo nilikuwa nimeyameza. Kadiri nilivyosema ndivyo uso wake ulivyobadilika. Nilisubiri kofi, na nilikuwa nimelistahili. Baba akaketi tu sakafuni na mtoto mapajani.

"Wewe ulisema damu yenu ni ya wapi," akasema. "Mimi nikajua wanataka kabila."

Hapo ndipo aliponiambia kwamba hakukuwa na chuma chochote. Jicho lake lilitolewa na wamisionari huko kwao, akiwa mdogo kuliko mdogo wangu, baada ya kung'aa vilevile. Kisa cha chuma alikitunga alipofika Kampala. Watu wa gereji walimheshimu fundi aliyeumia kazini, na hakuna aliyeendelea kumuuliza alizaliwa wapi.

Hakwenda kazini siku ile. Tukamwacha mdogo wangu kwa jirani, tukaenda hospitali sisi wanne, mtoto mgongoni kwa mama, na njia nzima niliona aibu ambayo siwezi kuisimulia. Daktari alitukumbuka. Nilifungua mdomo nitafsiri, baba akaniwekea mkono begani, akazungumza mwenyewe. Alisema Kiswahili chake cha gereji polepole, akataja wilaya yake, kijiji chake na jina la baba yake, mambo ambayo hata mimi sikuwa nimewahi kuyasikia. Mama alikwenda kuufunga mlango.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mzee," akasema, kwa Kiswahili kile kile cha kuombea maji, "hii kalatasi, mimi hapana taka jina. Mimi nataka macho tu."

Akatugeuzia ile karatasi ya zamani. Kweli, haikuwa na jina hata moja. Akaujaza wino mweusi mraba wa baba, alama ya aliyeugua, halafu akampa kalamu, aongeze kama kuna mwingine. Baba akaipokea. Kisha akachora duara ubavuni mwa mraba wake, akalijaza lote. Alikuwa dada yake. Yeye hakuna aliyemwahi, akafa.

Daktari akanieleza kwa Kiganda, nami safari hii sikukata hata silabi. Kila jicho, alisema, limepewa askari wawili wa kuzuia uvimbe. Mtu akirithi ugonjwa huu, anazaliwa askari mmoja yuko usingizini, na siku wa pili akilala, uvimbe unaota. Kila mimba ni kama kurusha shilingi upya. Akanichunguza mimi pia: mzima. Kisha akamtia mtoto dawa ya kupanua mboni, akammulika kwa taa yake, akachunguza mpaka nikasikia mama anasali kwa lugha ya kwao.

Kivimbe kilikuwapo. Jicho la kushoto, kidogo kama punje ya ulezi, kwa nyuma, mahali ambapo baba asingekiona hata angesimama mlangoni mwaka mzima. Daktari akasema kikiwa kidogo hivyo anaweza kukichoma kwa mashine ya mwanga bila kulitoa jicho, ila hakuahidi kwamba litaona. Alikichoma mara tatu, wiki kadhaa zikipita katikati, na mara zote niliogopa tutakuta daktari naye amechukuliwa.

Mtoto alipofikisha miezi mitano, daktari akatuagiza tumpime nyumbani: tuzibe jicho la kulia, lile zima, tumwonyeshe kitu kisicho na sauti, tuone kama atakifuata. Mama akaliziba kwa kiganja. Baba, mtu ambaye sikuwahi kumwona akifanya mzaha, akapiga magoti mbele ya mtoto, akayavuta masikio yake mwenyewe na kutoa ulimi.

Mtoto akacheka. Baba akajificha nyuma ya mkono wake, akarudia, kwa hofu kwamba labda kilikuwa kicheko cha bure. Akacheka tena. Mama akasema basi, mwache mtoto apumzike, lakini baba hakumsikia. Aliendelea kutoa ulimi huku machozi yakimtoka.