Kichuguu Nyuma ya Jiko la Mama

Ta-ta, ta-ta, tatata-ta. Ni mlio wa fimbo kavu juu ya gogo. Nisimamishe leo katikati ya soko la Kasese, hapa Uganda, ninakouza viatu, gonga meza ya duka langu kwa mdundo huo, na nitamwacha mteja na kiatu kimoja mguuni nigeuke kutafuta wingu. Ndivyo nilivyolelewa. Kwetu ni mlimani juu ya Bwera, mahali ambapo ukisimama nyuma ya jiko unayaona mabati ya mpakani yakimeta na vilima vya Kongo vikiwa vimelala ng'ambo. Pale nyumbani mdundo ule ulikuwa na maana moja tu: kumbikumbi wako karibu kutoka, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, aache anachofanya. Aliyekuwa anafua aliacha nguo kwenye beseni. Aliyekuwa anachambua maharage aliyaachia kuku. Mimi niliwahi kukimbia na nusu ya kichwa ikiwa imesukwa na nusu nyingine imesimama, na hakuna aliyenicheka, maana hapakuwa na nafasi.

Kumbikumbi hutoka wenyewe baada ya mvua, jua likichomoza na ardhi ikianza kufuka mvuke. Lakini baba yetu hakuwa mtu wa kungoja. Kichuguu chetu kilikuwa nyuma kabisa ya jiko, kirefu kumzidi yeye mwenyewe, chekundu, na upande mmoja kimeota nyasi kama ndevu. Tulikifunika kwa blanketi kuukuu na majani ya migomba, tukaacha tundu moja la mwanga, na chini ya tundu baba akachimba kishimo akakitandika majani. Kisha tukapiga magoti kuzunguka magogo na kupiga fimbo ili mchwa walioko chini wadhani mvua imerudi. Baba aliwahi kuwa mlinzi kwenye kambi ya jeshi kabla ya kurudi kwenye kahawa yake, na kutoka huko alileta Kiswahili cha amri. Siku zote alisema nasi kwa Lhukonzo, lugha yetu, isipokuwa siku ya kumbikumbi. Siku hiyo alisimama juu ya jiwe la kusagia akaita: "Wote! Leta fimbo! Kila mutu na fimbo yake!" Tukakimbia kama kuruta. Alianza na mvua ndogo, fimbo moja, yake. Kisha akamwonyesha Masika, dada yetu mkubwa, naye akaingia. Kisha Bwambale, kaka yangu anayenitangulia, aliyekuwa na fimbo nene kupita zote na akijiona yeye ndiye radi. Mimi nilikuwa na kifimbo cha mti wa mbuni, chembamba, chenye sauti kali, nami kazi yangu ilikuwa matone ya mwisho yanayodondoka kutoka kwenye paa. Niliipenda kazi ile kuliko cheo chochote nilichopewa baadaye maishani.

Amri ilikuwa moja: hakuna kucheka. "Nani alisikiaka mvua inacheka?" baba aliuliza, uso mkavu, na hapo ndipo kicheko kilipoanza kutupanda tumboni. Tuling'ata midomo. Tulitazamana kwa pembe ya jicho. Na kila msimu, naapa kila msimu, aliyeshindwa kwanza hakuwa mtoto. Alikuwa mama. Sasa mjue mama yetu ni mtu wa namna gani. Ni mtu wa kazi, uso umefungwa, maneno kidogo. Amebeba magunia ya kahawa mgongoni akiwa na mimba, amezika watoto wawili, na hata kwenye arusi hutabasamu midomo ikiwa imebanwa. Lakini akiwa amelishika blanketi kwa mikono miwili, akimtazama mume wake, mtu mzima, mzee wa kanisa, amepiga magoti matopeni akiigiza mvua, mama alianza kutikisika mabega. Kisha sauti ikamtoka, nyembamba, ya juu, sauti ya msichana, akaliachia blanketi akakaa chini kabisa, miguu mbele, machozi yanamtiririka. Baba akafoka, "Umeharibu! Umewafukuza wote!" huku na yeye hajiwezi. Na palepale kwenye tundu kichwa cha kwanza kikachungulia, halafu mabawa, halafu wakamiminika.

Sikwambii utamu wake. Tuliwala wazima, tumewanyonyoa mabawa, wanatekenya ulimi. Wengine mama aliwakaanga bila mafuta, wakatoa mafuta yao wenyewe, akanyunyiza chumvi ya Katwe, na harufu ile ikashuka hadi barabarani. Waliobaki walianikwa, wakatwangwa pamoja na karanga, na mchuzi wake ukaliwa na obundu, ugali wetu wa muhogo, wote tukichovya kwenye bakuli moja na kusukumana viwiko. Kikapu cha kwanza hakikuwa chetu. Kilikwenda kwa jirani yetu mwenye lori, Mwislamu, ambaye naye siku ya Idi alitujazia sinia la pilau mpaka likamwagika. Mvua zikiisha, mama alizikusanya fimbo zetu, akazifunga kwa kamba ya mgomba na kuzichomeka juu ya mafiga, kwenye moshi, ili wadudu wasizitoboe. Kiangazi chote, kahawa ikiwa imeanikwa mikekani na vumbi likitukwaruza koo, tulikuwa tunakula chini ya fimbo zile. Ukiinua macho kutoka kwenye sahani unaiona yako, inakuwa nyeusi polepole. Mwaka wetu ulikuwa na misimu miwili ya mvua, na kwa hiyo ulikuwa na vicheko viwili vya mama ambavyo tulikuwa na uhakika navyo.

Baba alifariki, nasi tukatawanyika, kama watu wote. Silalamiki juu ya hilo. Ninacholalamikia ni hiki kinachofuata, na mtanisamehe nikipandisha sauti. Siku hizi ukishuka Bwera msimu wa mvua utawaona kumbikumbi wakiuzwa kwa kikombe karibu na vijana wa bodaboda. Wamenaswa kwa mabati na taa kubwa za umeme, wamerundikwa kwenye beseni, na anayewapima hajui hata walitoka kichuguu kipi. Haya, biashara ni biashara, na mimi mwenyewe ni mchuuzi, nanunua na kula. Lakini familia yetu sisi! Familia yetu ina kundi la WhatsApp, na kundi hilo, jamani, linaitwa Furaha Yetu. Kila asubuhi mtu anarusha ua jekundu lenye maneno: thamini kila dakika na uwapendao. Mwingine anajibu kwa mioyo, mwingine kwa mikono iliyofumbatana. Mwaka mzima unapita kwa maua, na mama yuko kule mlimani anaota moto peke yake. Mara ngapi nimeandika, njooni basi msimu huu, hata wikendi moja? Wananirushia mioyo!

Bwambale ndiye aliyefanikiwa kutuzidi wote. Yuko Kampala, ana magari, na lazima niseme ukweli, amemjengea mama nyumba nzuri ya matofali, yenye vigae sakafuni na madirisha ya vioo. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote. Lakini baada ya nyumba alitaka ua uendane nayo. Siku moja katikati ya mvua za pili akaandika kwenye kundi kwamba Jumamosi mafundi watamwaga dawa kwenye kichuguu, wakibomoe, kisha waweke matofali ya sakafu mpaka nyuma ya jiko, ili wageni wa Krismasi wapate pa kuegesha magari. Chini ya maneno yale vikapangana vidole gumba, ndugu baada ya ndugu, hata Masika! Hakuna aliyeuliza lolote. Damu ikanichemka. Nikampigia Bwambale palepale, mteja akiwa amekaa mbele yangu. "Mbambu, huo ni udongo tu," akaniambia, sauti ya mtu anayesaini karatasi nyingine huku anazungumza nawe. "Dunia inakwenda mbele." Nikampigia mama. Nikamuuliza kama amekubali. Akasema kwa Lhukonzo chetu, "Yeye ndiye aliyejenga. Mimi niseme nini?" Mama yangu huyo, katika ua wake mwenyewe, mke wa mtu aliyepiga magoti pale, anauliza aseme nini!

Jumamosi sikufungua duka. Nilipanda gari la alfajiri, mvua ikitupiga tangu Muhokya, nami njia nzima nikiyapanga maneno ya kumwambia kaka yangu, mengine hayafai kuandikwa. Nilipofika mvua ilikuwa imekatika na jua linachomoza, ardhi inafuka mvuke. Mama alikuwa kibarazani, kwenye kiti kipya cha plastiki, mikono mapajani, kama mgeni. Bwambale alikuwa uani, na watoto wake walikuwa ndani ya gari na simu zao, hawajashuka, wasije wakachafua viatu. Fundi, kijana aliyevuka kutoka ng'ambo kutafuta kazi, alikuwa amesimama kando ya kichuguu na dumu la dawa. Sikusalimu mtu. Mimi, niliyelelewa kupiga goti mbele ya wakubwa, nilikwenda nikasimama kati ya dumu na kichuguu nikaanza kupiga kelele. Bwambale naye akapiga kelele. Alisema nataka mama afe katikati ya mchwa, alisema nina wivu, alisema mimi sikuchangia hata mlango. Nikamwambia mlango wake ni mzuri, lakini aniambie ni lini amemsikia mama akicheka nyuma ya huo mlango. Na fundi, maskini, akauliza, "Bosi, tunamwaga ao tunaacha?"

Hatukumwona mama akiinuka. Tulimwona akitoka kwenye jiko la zamani, lile ambalo Bwambale alikuwa amepanga libomolewe Jumamosi inayofuata, na kwapani ana mzigo mweusi uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Akautupa chini katikati yetu. Fimbo zetu! Zote, nyeusi tii kwa moshi wa miaka yote ile, hakuna hata moja iliyotobolewa. Kumbe alikuwa anazitoa kila mvua zikianza, na kuzirudisha kila zikiisha, bila mtu, bila kumwambia mtu. Akapanda juu ya jiwe la kusagia, kwa shida, akishikilia ukuta, na kwa Kiswahili ambacho sikuwahi kumsikia akikisema maishani mwangu, Kiswahili cha marehemu mume wake, akaita: "Wote! Leta fimbo! Kila mutu na fimbo yake!"

Niliokota kifimbo changu nikilia, sioni aibu kusema. Bwambale alisimama. Aliitazama suruali yake. Kisha akavuta ile fimbo nene akapiga magoti matopeni, mtu mzima mwenye kitambi, na watoto wake wakashuka garini mbio bila kukumbuka viatu, wakipigania fimbo za shangazi na baba wadogo ambao hawakuja. Fundi aliweka dumu chini akanyoosha mkono kuchukua fimbo iliyobaki, ndefu, ya baba. Mama akamzuia. "Hiyo iko na mwenyewe," akamwambia, akaichukua yeye, ambaye miaka yote alishika blanketi tu. Akaanza na mvua ndogo. Akanionyesha kidole mimi mwisho kabisa, na matone yangu yakaangukia mahali pake kana kwamba sijaondoka. Mjukuu mmoja akaanza kucheka, na Bwambale, Bwambale yule wa dunia inakwenda mbele, akamkazia macho: "Nani alisikiaka mvua inacheka?" Hapo mama mabega yakaanza. Sauti ile ikamtoka, ya msichana, ikapanda juu ya mabati mapya ikaenda zake kuelekea Kongo, naye akakaa chini kabisa, miguu mbele, na fimbo ya baba mapajani.

Kumbikumbi walitoka wachache, hawakujaza hata kikombe. Matofali ya sakafu yaliwekwa, lakini yalikizunguka kichuguu kwa mbali, na jiko la zamani bado lipo. Mtoto wa Bwambale alikuwa amerekodi kila kitu, na jioni Bwambale akairusha video kwenye Furaha Yetu. Mioyo ilimiminika mpaka simu yangu ikapata moto. Masika aliandika kwamba amelia. Nikamwuliza atakuja lini. Akanirushia ua.

Kwa hiyo msiniambie hasira zangu zimepitwa na wakati. Nilipokuwa mtoto, ili tumsikie mama akicheka tulihitaji mvua tu, na mvua ilikuja yenyewe mara mbili kwa mwaka. Siku hizi inahitajika mvua, nauli, duka lifungwe, na ugomvi unaosikika hadi barabarani. Mama amezeeka, na sijui imebaki misimu mingapi. Basi mvua za kwanza zikianza nitapanda gari tena, na kama kuna mtu atakayekuwa amesimama pale na dumu la dawa, awe kaka, awe dada, awe nani, ajiandae, maana nitagombana naye mpaka mama ainuke kwenye kile kiti.