Krismasi ya Kumwona Baba Mkwe

Jirani yangu Atuganile aliolewa na Brightson zamani, mtoto wao Vai yuko darasa la sita, na kwa muda wote huo alikuwa hajawahi kumwona baba mkwe wake usoni. Hawakugombana, msije mkafikiria vibaya. Ni mila ya kwao Rungwe, kwa familia zilizoishika: mke wa mwana hakutani ana kwa ana na baba wa mumewe. Akisikia anakuja, anajifunika kanga na kupitia nyuma ya nyumba. Jina lake hata halitamki, na mimi kwa ujirani mwema silitamki hapa. Mzee akisharidhia, siku moja atamwita, atampa zawadi, na kuanzia hapo wataonana kama watu wengine.

Sisi wa Masasi mambo hayo hatuna, kwa hiyo nilimtania sana. Tumepanga nyumba moja Kimara Baruti, mlango kwa mlango, na kutaniana ndiyo starehe yetu ya bure.

"Mama Vai, ukipishana naye Kariakoo utamjuaje?"

"Nitawakimbia wazee wote, da Filo."

Mwaka 2021, Novemba ikiwa inaishia, wifi yake Tusajigwe alipiga simu kutoka Tukuyu. Yeye ndiye anayekaa na mzee. Alisema kifua kimembana baba tangu baridi ya Julai, hatoki tena nje, na ametamka mwenyewe: mwiteni mkwe wangu, Krismasi aje nimwone.

Tangu siku hiyo Atuganile alikuwa Kimara kwa mwili tu. Mabomba yalikuwa makavu, joto linatuchemsha, tumepanga foleni ya ndoo kwenye kisima cha jirani, na yeye anatabasamu peke yake. Ukimgusa anashtuka. Alinisimulia safari ambayo hajaifanya, kila jioni na kipande chake: basi linapanda Kitonga polepole, Uyole watu wanavaa masweta, halafu ukungu umelala juu ya mashamba ya chai na mvua inagonga bati bila haraka. Anashuka, anapita kwenye migomba, anafika mlangoni. Mzee amekaa kwenye kiti. Yeye anaingia bila kujifunika.

Hapo ndipo alipokuwa anakwama kila siku. "Uso hauji, da Filo. Namvalisha wa Brightson, unakuwa mdogo. Namvalisha wa mchungaji wetu, nacheka."

Mimi sijawahi kuvuka Iringa, lakini usiku nilianza kuota migomba ile. Niliamka nasikia baridi miguuni, wakati feni imekatika umeme na shuka limelowa jasho. Nilimwonea wivu kidogo, kusema kweli, kwa kuwa na mtu anayemngoja hivyo.

Korona nayo ilikuwa imerudi. Atuganile ni mtu wa mapokezi katika zahanati moja huku kwetu, na Desemba ile watu waliingia wakikohoa tangu asubuhi. Mwenzake wa kaunta, Avelina, alianza na mafua, akapimwa, akakutwa nayo. Atuganile alikuwa amechanja na hana hata homa. Lakini redioni walikuwa wakirudia: barakoa, nawa mikono, epuka safari zisizo za lazima.

"Hii ni ya lazima," alisema mumewe, Brightson, fundi wa mafriji, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akibishana hata na mwenye nyumba. "Mzee ameita. Tiketi tunazo. Stendi ya Mbezi imefurika, watu wote wanaenda kwao. Sie tuna nini?"

Atuganile alikuwa anapiga pasi gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Alimaliza mkono mmoja wa gauni, akamaliza wa pili, akaiweka pasi pembeni.

"Baba Vai, nimemkimbia mzee miaka yote hii kwa heshima. Leo niende nikamkoholee usoni?"

"Hukohoi!"

"Na Avelina juzi alikuwa hakohoi."

"Akifa hajakuona je?"

"Nitalia mpaka na mie nife. Lakini sitakuwa nimemuua."

Brightson alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, mgongo ametupa sisi. Atuganile alilikunja lile gauni vizuri sana, kona kwa kona, huku machozi yanadondokea humo humo kwenye kitambaa alichotoka kukinyoosha. Nilimshika bega. Sikuwa na utani wowote siku hiyo, na moyoni nilikuwa upande wa Brightson. Nilitaka aende, amwone, hiyo ndoto iishe vizuri.

Hakwenda. Brightson naye hakwenda, maana mnaolala kitanda kimoja mnagawana na magonjwa. Siku kadhaa alizungumza na mkewe kuhusu chumvi na maji ya kuoga tu.

Krismasi walinialika pilau. Simu ya Brightson ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, Tusajigwe amepiga kwa video, anatuonyesha ng'ombe, mvua, watoto wa jirani. Atuganile alikuwa anapakua. Mara picha ikayumba, na kabla sijaelewa ninachokiona, kulisikika sauti ya kizee ikiuliza, "Wako wapi?"

Atuganile aliachia mwiko. Mtu mzima, mama wa mtoto, alijirusha nyuma ya pazia la jikoni na kanga kichwani. Mzee alikuwa Tukuyu, lakini yeye aliikimbia simu. Nilicheka mpaka nikaona Brightson hacheki.

"Amekimbia, baba," alisema.

Tulisikia mvua yao, na pumzi za mzee zikivutwa kwa shida. Halafu akasema kwa Kiswahili, nafikiri alisikia kuna mgeni: "Amefanya vizuri. Mwambie nimefumba macho. Aje anione yeye kwanza."

Pazia halikutikisika. Brightson alisimama, akaenda, sijui alimnong'oneza nini. Atuganile alitoka taratibu, bado ana kanga kichwani, akapiga magoti mbele ya meza. Kwenye kioo kulikuwa na mzee mwembamba, blanketi mpaka kidevuni, macho ameyafumba kwa nguvu kama mtoto anayehesabu kwenye mchezo wa kujificha. Alimtazama. Alimtazama sana, mpaka pilau likapoa, na hakuna aliyethubutu kusogeza hata kiti.

"Umeshaniona?" mzee aliuliza.

"Nimekuona, baba."

Mumewe aligeukia ukutani. Alikuwa hajawahi kumsikia mkewe akimwita mzee baba. Atuganile alishusha kanga mabegani, akapangusa uso kwa kiganja, akausogeza karibu na simu.

"Shikamoo, baba."

Mzee alifumbua macho.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Kumbe unafanana na sisi."