Kitinda Anaomba Tena

Katika nyumba ya marehemu mume wangu hakuna aliyewahi kukataliwa kazi. Yeye alikuwa hakimu, mimi niliongoza shule za sekondari hadi nikastaafu, na watoto wetu wawili wakubwa waliitwa kazini hata kabla ya mahafali yao. Kwa hiyo siku kitindamimba wetu, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, aliporudi kutoka kwenye usaili wa kampuni ya ndege akakaa jikoni bila kuvua viatu, nilijua kuna neno.

"Wamenikataa, mama."

"Kwa lipi? Alama zako zile?"

"Alama hazina shida. Na kurusha ndege hakuna shida. Wanasema sisemi."

Sikumwelewa, na ilibidi anieleze kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Katika chumba cha rubani hukaa watu wawili. Mmoja anaendesha, mwingine anaangalia, na kazi ya anayeangalia ni kusema anachokiona. Kitinda aliwekwa kwenye mashine inayoigiza ndege, kiti cha kulia. Kushoto kwake aliketi kapteni mtahini, mzee wa mvi tupu, aliyeagizwa na wenzake akosee makusudi. Waliambiwa wabaki kwenye kimo fulani kwa sababu mbele kulikuwa na mlima. Yule mzee akaanza kushuka, kimyakimya, kama hakuna kitu.

"Ukaona?"

"Niliona palepale."

"Ukafanya nini?"

Akaangalia vidole vyake. "Nikamwambia, samahani sana Kapteni, sijui kama nimeangalia vizuri, na bila shaka wewe unafahamu zaidi yangu, lakini naona kama kimo chetu…"

Kabla hajamaliza kuomba radhi, ndege ilikuwa imeshagonga mlima. Ya mashine, lakini mlima ni mlima.

Nataka ieleweke kwamba mwanangu si bubu wala si mwoga. Kampuni ilimwambia anaweza kuomba tena baada ya mwaka, na mwaka huo aliutumia akifundisha wanaoanza katika chuo cha urubani, kwenye ndege ndogo ya viti vinne. Alikuwa akirudi jioni shati jeupe limechoka, mkono wa upande wa dirisha umeungua jua kuliko mwenzake, nywele zinanuka mafuta ya ndege. Siku moja nilimpelekea chakula nikamsikia akimkemea mwanafunzi wake, mfanyabiashara wa vipuri mwenye kitambi na umri wa baba yake: "Pua chini! Nimesema pua chini, unataka tulale hapa?" Yule bwana alishuka akifuta jasho, akaniambia, "Mama, binti yako huyu akiolewa, mumewe atanyooka."

Njiani nikamuuliza, kama ule ukali anao, mbele ya kapteni ulikwenda wapi.

"Yule ni mwanafunzi, mama. Kapteni ni kapteni."

Nyumbani kwetu mtoto hakumkatiza mkubwa. Hakimu akizungumza mezani, hata vijiko vilitulia, na watu waliotutembelea walisifu. Mpaka leo wanasifu.

Ama watu wa nje, walipouliza habari za Kitinda niliwaambia taratibu zinaendelea. Mtu akisema taratibu zinaendelea hakuna anayeweza kumshika. Kitinda alikuwa akinisikia, akiinamisha kichwa.

Miezi ya mwisho kabla ya kuitwa tena, aliniomba tufanye mazoezi. Akapanga viti viwili vya meza ya chakula kuelekea kabati la vyombo, akachora saa za ndege, zile za kupimia kimo na mwendo, nyuma ya kalenda ya zamani na kuibandika kwenye kioo cha kabati. Mimi nikapewa kifuniko cha sufuria kubwa kiwe usukani.

"Wewe ni kapteni, mama. Tumeambiwa tubaki futi elfu sita. Sasa shuka."

"Kwa nini nishuke wakati tumeambiwa tubaki?"

"Ndiyo mtihani wenyewe. Unakosea makusudi."

"Mimi sijazoea kukosea makusudi."

"Basi kosea bila makusudi, mama, mradi ukosee!"

Tulicheka hadi kifuniko kikaanguka. Lakini mazoezi yenyewe hayakuwa ya kuchekesha. Sheria ya kazi yao ni kwamba unamwambia mwenzako mara ya kwanza, wazi, bila kuzunguka. Asipojibu, unarudia kwa sauti ya juu zaidi. Bado hajibu, unasema, "Naendesha mimi," na unachukua usukani, awe nani. Nilishuka, nikatamka futi zikipungua, elfu tano na mia nane, elfu tano na nusu, na mwanangu akafungua kinywa na kilichotoka kikawa, "Mama, samahani, naona…"

"Unaona nini? Tumeshakufa," nikamwambia.

Kila jioni tulikufa. Mkono wake uliinuka kuja kwenye kile kifuniko, ukaishia hewani, ukarudi mapajani. Ilifika hata akaniambia labda abaki palepale chuoni, afundishe mpaka azeeke. Akikataliwa mara ya pili kampuni haimpokei tena, na kampuni ni hiyohiyo moja, zilizobaki zinataka mtu aliyekwisha kurusha ndege kubwa. Usingizi ulimpaa. Akawa anapiga pasi shati lilelile asubuhi na jioni.

Wiki ya usaili, wifi yangu akaja. Huyu ndiye dada pekee wa marehemu, mwanamke mchangamfu, mkarimu, na habari ikiingia sikioni mwake haina muda wa kukaa. Kijana wake alikuwa anachumbia, na wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kuitazama familia.

"Wifi, nimekuja na ombi dogo," akasema akivua mtandio. "Nimeshawaambia tuna rubani. Sasa Jumamosi huyu binti yangu asije na magauni yake haya ya kanisani na sokoni. Aje na sare ya kampuni. Na ile kofia!"

Kitinda alikuwa anamimina chai. Nikamwahi.

"Sare bado iko kwa fundi," nikasema.

"Mama," akasema Kitinda.

"Lakini fundi ameahidi. Ikiwahi, atavaa."

"Mama, hapo sivyo." Sauti ilikuwa imepanda. Wifi alitugeukia mmoja mmoja.

"Si unajua mafundi, wifi, mtu unamfuata mpaka…"

"Mama, niachie, naongea mimi." Akaiweka birika mezani. "Shangazi, sina sare. Mwaka jana walinikataa. Ijumaa hii naenda kuomba tena, na sijui kama watanichukua. Jumamosi nitakuja na gauni langu la sokoni."

Hakuomba samahani, si mwanzo wala mwisho.

Wifi alishika kikombe bila kunywa. "Walikukataa? Mtoto wa hakimu?" Kisha akanigeukia. "Mwaka mzima, wifi! Mwaka mzima unanipa taratibu zinaendelea, na mimi nazisambaza kama nimelipwa!"

Alipoondoka, nilimwambia mwanangu maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia amenivua nguo mbele ya wifi yangu, katika sebule ya baba yake.

"Nilikuita mara mbili, mama," akasema.

Bado naamini angeweza kungoja mgeni aondoke. Nimelitafakari jambo hili kila upande na sijabadilika. Lakini siwezi kusema hakuniita.

Tangu siku ile hadi Ijumaa tuliongea ya lazima tu: maji yamechemka, mlango umefungwa. Viti vilirudi mezani. Asubuhi ya usaili aliondoka gizagiza na nilikuwa nimesimama koridoni na kanga begani, nikitaka kumwambia kitu, nikamwambia, "Kola yako imepinda." Akainyoosha akaenda.

Nilishinda siku nzima nikipangua kabati lisilohitaji kupanguliwa. Aliporudi alikaa jikoni, na safari hii alivua viatu kwanza.

Mtahini alikuwa mzee yuleyule. Akashuka vilevile, kimyakimya. Kitinda akamwambia, "Kapteni, kimo." Mzee kimya. "Kapteni, tuko chini ya kimo, panda." Yule mzee akamjia juu: "Binti, mimi nimerusha ndege kabla mama yako hajaolewa, utanifundisha?" Anasema hapo mkono ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Naendesha mimi." Akachukua usukani, akaipandisha ndege. Mlima ukapita chini yao.

"Na yeye?"

"Aliandika kitu, akaniambia nishuke kwenye mashine taratibu, ngazi zina utelezi."

"Wamekuchukua?"

Hapo ndipo alipoangalia vidole vyake. "Nimefaulu, mama. Ila hawana nafasi sasa. Wameniweka kwenye orodha. Nafasi ikitokea wataniita. Orodha inadumu mwaka. Usipoitwa mwaka ukiisha, jina linafutwa, unaanza upya."

"Mwaka mwingine?"

"Au miezi miwili. Au wasiniite kabisa. Jumatatu narudi chuoni kwa wanafunzi wangu."

Nilimtengea chakula. Alikula kidogo akalala na shati lake.

Simu ya wifi ilikuja kabla sijaosha sahani. Nilikaa kwenye kigoda, mikono ina sabuni, nikiliangalia jina lake likiwaka. Katika maisha yangu nimewatangaza waliofaulu na waliofeli mbele ya wazazi wao, na kila mmoja alikuwa na upande wake. Hili la mwanangu halikuwa na upande. Ningeweza kusema ameajiriwa, na pengine baada ya miezi miwili ingekuwa kweli.

"Wifi, niambie," akasema. "Wakwe wanafika kesho. Niwaambieje?"

"Amefaulu mtihani. Kazi hajapewa."

"Sasa hiyo ni ndiyo au ni hapana?"

"Yuko kwenye orodha. Anangoja."

"Orodha si kazi, wifi."

"Najua si kazi."

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kuliko nilivyotarajia, mtoto mwenyewe anaendeleaje.

"Amechoka," nikamwambia. "Amelala na shati la kazi. Kesho tutakuja, na gauni la sokoni."