Sambusa za Spinachi Mbele ya Wakwe wa Bunda

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuzikunja pembe tatu. Nalisema mapema ili msije mkadhani shida ilikuwa spinachi, au jibini, au moto wa tanuri, maana hivyo vyote vilikuwa sawa, nilivijaribu na kuvijaribu tena (mimi ni mtu ambaye hufunga gesi, hulala, huamka kwenda kuhakikisha kama kweli nimeifunga, kisha hulala nikiwa bado na wasiwasi), lakini umbo, jamani, umbo ndilo lililoniaibisha mbele ya ukoo mzima, na mpaka leo nikiikumbuka siku ile nikiwa peke yangu najikuta nimefunika uso kwa mikono.

Dada yangu Nyangeta alikuwa amepata mchumba, Mafuru, kijana mpole wa Bunda, na ndugu zake wakatuma ujumbe kwamba Jumamosi wanakuja kwetu Buhare, hapa Musoma, kujitambulisha. Walisema wazi kuwa ni chai tu, mambo mazito ya mahari siku nyingine, kwa hiyo Mama akapanga kununua sambusa za nyama na maandazi kwa jirani anayekaanga, shughuli iishe. Ningenyamaza, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nikamsikia Nyangeta akisema kwamba mama yake Mafuru amekatazwa vitu vya kukaanga na daktari, na mimi nilikuwa nimemaliza miezi nikijifunza kuoka kwa video za kwenye simu, bila mwalimu, bila hata mtu wa kuniambia hapo umekosea, nikaona zamu yangu imefika.

"Mama, hiyo chai ya wakwe niachie mimi," nikasema. "Nitaoka kitu chepesi, kisichokaangwa."

"Kitu gani?"

"Vya spinachi na jibini."

Mama akaacha kuchambua mchele. "Wale watu wana ng'ombe, mwanangu. Majani wanawapaga ng'ombe."

Nyangeta ndiye aliyenitetea. "Mwache, Mama, anajuaga." Halafu akanigeukia na kidole juu. "Ila ukiniharibia, Majura, sikusamehe mpaka nazeeka."

Basi ndiyo hivyo, ndoa ya dada yangu nikawa nimeibeba kwenye sinia.

Nilifanya kazi ambayo hata mwenye hoteli asingeifanya. Shangazi yetu wa Butiama alituletea dumu la maziwa, nikayachemsha, nikakamulia malimao mpaka yakakatika, nikayachuja, nikayakandamiza kwa jiwe lililooshwa kwa sabuni na maji ya moto, nikapata jibini jeupe linalomeguka vizuri. Spinachi nikaichovya kwenye maji yanayochemka, nikaitoa, nikaikamua mpaka viganja vyangu vikawa vya kijani (maji yakibaki, chini panalowa, na mimi chini pakilowa silali). Unga nikausukuma ukawa mwembamba kiasi cha kuona maua ya kitambaa cha meza kwa upande wa pili, nikaupaka siagi kidogo, nikakunja. Kwenye video walikuwa wanakunja kwa namna nyingi, wengine duara, wengine mraba, wengine kama konokono, ila mimi pembe tatu ndiyo niliyoiona ina nidhamu, na nilizinyoosha pembe zake kwa rula. Zilizoungua upande mmoja nikazila nimejificha nyuma ya mlango wa jiko. Sikukumbuka hata kidogo kwamba huku kwetu pembe tatu haiulizwi ndani kuna nini. Mtu akiiona anafungua mdomo, akili yake imeshafika kwenye nyama.

Wageni wakaja, wakakaa, salamu zikazunguka. Msemaji wao alikuwa kaka mkubwa wa baba yake Mafuru, wote wakimwita Baba Mkubwa, mtu mwenye sauti ya kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde, na utaratibu ni kwamba msemaji anywe, ale, kisha ndipo aseme kilichowaleta. Mpaka aseme, hakuna kilichosemwa. Nikaingia na sinia, aproni nyeupe kifuani.

"Sambusa!" akasema Baba Mkubwa, akasogeza kiti. "Hapa sasa tumefika."

Akang'ata. Akatafuna, akaacha kutafuna. Akaichungulia kwa ndani kama mtu anayechungulia kisima, akaiweka kwenye kisosi. Akachukua ya pili, hiyo hakuing'ata, aliipasua kwa vidole gumba viwili, akatazama pembe hii, akatazama pembe ile. Akachukua ya tatu. Vile vitabaka vyangu vyembamba vikawa vinamwagika juu ya suruali yake nyeusi, na mimi nimesimama, sinia mkononi, natazama kazi yangu inafanyiwa upasuaji.

"Mkwe," akamwambia baba yangu, "hii ya kijani ni majani, hilo naliona. Na hii nyeupe? Ugali?"

Baba akaangalia dari.

"Ni jibini, baba," nikajibu mimi. "Linatokana na maziwa."

"Majani, na maziwa." Akapasua nyingine. "Yaani alichokula ng'ombe kipo, alichotoa ng'ombe kipo, ila mwenyewe hayupo."

Watu wakacheka, lakini kile kicheko kifupi cha ugenini ambacho hujui kimekaa upande gani. Mama hakucheka. Nyangeta alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, nikaliona pazia linatikisika.

"Kijana," akasema Baba Mkubwa, "nyama iko wapi?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema hakuna. Mimi mdomo wangu ukasema, "Inakuja, baba."

Mabadiliko yake yalikuwa ya papo hapo. Baba Mkubwa akaegemea kiti, akakunja mikono ya shati, akaomba maji ya kunawa. "Kumbe hivi vilikuwa vya kuchokoza tumbo," akawaambia wenzake, na wote wakanawa. Mama alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tena tangu siku hiyo, nashukuru.

Jikoni Nyangeta akanikamata aproni. "Nyama gani inakuja? Inatokea wapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, na pale karibu na karo nikamwona jogoo mwekundu, mnene, anachakura zake. Kwa hofu niliyokuwa nayo sikujiuliza ni wa nani wala atachinjwa na kuiva saa ngapi, nilimrukia tu. Akanipita. Nikamkimbiza kuzunguka nyumba, na nyumba yetu, msiisahau, ina mlango wa mbele, na mlango wa mbele ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na wageni wote walikuwa wamekaa wanautazama. Jogoo akapita mlangoni. Nikapita mimi, nimeinama, aproni inapepea. Tukazunguka. Tukapita tena, safari hii jogoo akiwa nyuma na mimi mbele (msiniulize, sijui ilitokeaje).

Nikaisikia ile sauti ya bondeni ikisema kwa utulivu kabisa, "Naona inakuja. Sasa inaenda."

Mzunguko uliofuata jogoo alichoka na siasa zangu, akaingia sebuleni. Akaruka mezani, akakanyaga kisosi, akaanza kudonoa spinachi kutoka kwenye zile zilizopasuliwa. Na nilipoingia mbio nimekunjua mikono, nyuma yangu akaingia jirani yetu, Mama Sabina, anahema, kanga mkononi.

"We Majura! Jogoo wangu amekukosea nini?"

Fikirini wenyewe: mbele ya wakwe, siku ya kwanza, mtoto wa nyumba hii anamkimbiza jogoo wa watu.

Nikakaa chini, sakafuni hasa. "Baba," nikamwambia Baba Mkubwa, "hakuna nyama. Haikuwepo tangu mwanzo. Nilitaka mama yake Mafuru asile vya kukaanga, nikaoka hivi, halafu ulipouliza nikaogopa. Dada yangu hana kosa, msimwadhibu kwa ajili yangu."

Aliyejibu kwanza hakuwa yeye. Alikuwa mama yake Mafuru, aliyekaa pembeni kimya muda wote, na sasa nikaona kwamba kisosi chake kilikuwa kitupu na alikuwa ameshachukua cha jirani yake.

"Shemeji," akamwambia Baba Mkubwa, "kama huvitaki acha kuvipasua. Wenzako tunavila. Na huyo jogoo mtoeni, anamaliza."

Baba Mkubwa akamtazama shemeji yake, akamtazama jogoo, akanitazama mimi pale sakafuni na viganja vya kijani. Kikamtoka kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka ziwani. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kile kitambaa cha kunawia, Baba naye akashuka kutoka darini, hata Mama Sabina akakalishwa akapewa chai, jogoo kwapani. Kisha Baba Mkubwa akasimama, akakung'uta suruali.

"Tumekuja kuomba binti," akasema. "Hatukuja kuomba nyama. Nyama tunayo."

Nyuma ya pazia Nyangeta alipiga kigelegele, jambo ambalo bibi harusi mtarajiwa hatakiwi kabisa kulifanya, na hakuna aliyemgombeza.

Walioana. Mguu wa ng'ombe ulifika kwetu kutoka Bunda kabla hata ya harusi, na aliyeuleta aliagizwa aukabidhi kwangu mkononi. Mama mkwe wa dada yangu huniagiza vile vya spinachi kila akija Musoma, na mimi bado nachukua rula, bado naamka kuangalia gesi, hayo sijapona. Ila siku hizi nikiulizwa kitu ambacho sina, nasema sina.