Sombe ya Darasa la Tatu

Mtu wa kunishangaza mimi hajazaliwa. Nilianza na beseni la dagaa kichwani, nikitembeza kwa miguu kutoka Ujiji mpaka Mwanga, elimu yangu darasa la nne. Leo nina duka la jumla sokoni, nina fuso, nina nyumba ya vigae Gungu. Mzigo wangu umewahi kuzama ziwani na jioni yake nikala vizuri nikalala. Kwa hiyo binti yangu wa mwisho alipoanguka mstarini shuleni, sikushtuka. Nilisema ni jua.

Zahanati wakasema si jua, ni damu imepungua. Nesi akaniuliza mtoto anakula nini. Nikamjibu kifua mbele: kila siku nampa elfu mbili ya chakula, ni mzazi gani mwingine anatoa hiyo? Nesi akamgeukia mtoto.

"Chipsi," mtoto akasema. "Na soda."

Shuleni kwao wanapika ugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakaungwa kwa mawese na dagaa. Mwalimu mkuu, mama aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, aliniambia sombe yote inaishia kwenye ndoo ya nguruwe. "Wenzake wakimwona wako anakwenda getini kununua chipsi, na wao wanasusa. Wasio na hela wanashinda na njaa."

"Niachie mimi, mwalimu," nikasema. "Mimi nimewauzia watu wenye akili zao dagaa walionyeshewa mvua."

Nilikuwa na ujanja wangu wa sokoni. Mteja akikunja pua, humbembelezi. Unamwambia, "Acha mama, usinunue, hawa nitakula mwenyewe." Kabla hajageuka, mkono wake uko kwenye kanga anafungua fundo la hela.

Basi mchana, sahani za sombe zimeshagawiwa, nikaingia darasa la tatu, darasa la binti yangu, na shati langu la kitenge. Nikajipenyeza kwenye dawati la mbele, yale madawati ambayo meza na benchi vimeungana, ili watoto wanione nimekaa kama wao. "Shikamoo mzee!" darasa zima likaniamkia. Nikawaeleza sombe hii ndiyo iliyonijenga mifupa. Nikamaliza kwa sauti ya sokoni: "Asiyeitaka asile! Aniletee hapa, nitakula mimi!"

Nikangoja mkono uende kwenye kijiko.

Kabinti kasiko na meno ya mbele kakasimama na sahani yake. "Chukua, mzee."

Nikala. Ningefanyaje? Nyuma yake tayari kuna foleni.

"Mzee, yangu ina dagaa anakutazama, usiogope."

"Usisukume, zitamtosha!"

"Si amesema mwenyewe!"

Mwalimu mkuu ameegemea mlango, mikono kifuani. "Wanakusikiliza kweli, mzee. Sisi hawatusikilizi hivi."

Sahani ya nne nikajidai simu inaita, nikataka kuinuka. Dawati likainuka na mimi. Meza imenikaba kitambi, benchi limenikaba kiuno, jasho la mawese linanitoka. Nikakaa tena polepole, kama mtu anayejiweka vizuri. Dirisha liko pale, naliona ziwa na watu wanapita zao, na mimi siwezi kwenda kokote. Sahani ya tano. Ya sita nikawa nameza bila kutafuna.

Mwisho wa foleni alikuwa binti yangu. Aliweka sahani yake mbele yangu, akaniangalia tumboni, akainama sikioni.

"Baba, umenasa?"

"Nimekaa tu, mama."

"Umenasa."

Sijawahi kumwambia mwanangu kwamba kitu kimenishinda. Nilitazama ile sombe. "Siwezi tena, mama," nikasema.

Akafikiri. "Nikiila hii, utatoka?"

Hapo ningeweza kusema kweli. Nikasema, "Nitatoka."

Akajibana pembeni yangu kwenye kipande cha benchi kilichobaki, akakunja uso, akala. Alikuwa akimeza kijiko, ananitazama kitambi kuona kama kimelegea. Watoto wawili waliokuwa wanamcheka wakaja kuchukua sahani zao ambazo sijazigusa. Wengine walikwenda kucheza mpira.

Akalamba kijiko. "Haya, toka."

Nikajaribu. Wapi!

"Baba, umeniongopea."

"Kesho utakula tena, nitatoka zaidi," nikasema, na watoto waliobaki wakaangua kicheko, mwalimu mkuu naye kajifunika uso kwa mtandio.

Kengele ililia, wakaingia wote kwenye somo la hesabu, na mimi pale mbele, mwanafunzi mkubwa kuliko mwalimu. Fundi seremala alikuja na bodaboda, akakata benchi kwa msumeno huku watoto wakihesabu mikato kwa sauti.

Siku iliyofuata binti yangu alinidai elfu mbili yake kama kawaida. Ila mwalimu mkuu alinipigia mchana: amekula sombe kwanza, nusu sahani, ndipo akaenda getini. Nikamwambia fundi atengeneze dawati jipya badala ya lile, pana kidogo, na mimi nienee. Mbao, misumari, vanishi na mkono wake: nimelipa shilingi elfu themanini na saba na mia tano.